Nguzo Isiyobeba Kitu

Mlango wa mbele wa nyumba ya Mzee Mbuthia ulikuwa umekwama kwa mvua, na Kagiri alikuwa ameshautia bega kama mtu anayesukuma gari lililozimika. Sumaya alimtazama, akamwonea huruma, akamwambia asogee. Alishika kitasa kwa mikono miwili, akaunyanyua mlango juu kidogo, kisha akauachia uende ndani wenyewe. Ukafunguka bila hata kulia.

Waliokuwa ndani waligeuka. Mzee Mbuthia, baba yake Kagiri, alikuwa amesimama katikati ya sebule na koti lake la Jumapili. Alimtazama mgeni, akautazama mlango, akamrudia mgeni. Upande wa jikoni sufuria ilianguka sakafuni, ikazunguka, ikazunguka, mpaka ikachoka yenyewe.

"Huo mlango hata sisi wa hapa hatuwezi mvua ikinyesha," Mzee alisema. "Nani alikufunza?"

"Ni jirani yetu mmoja, Baba. Nilimwambia naenda kuona nyumba ya zamani ya mabati, akaniambia milango za wazungu hazisukumwi na bega. Unanyanyua kidogo."

Mzee alicheka, akasema jirani huyo ana akili kushinda watoto wake wote, akampa mkono na kumkaribisha. Wahenga walisema nyota njema huonekana asubuhi. Sijui kama wahenga hao waliwahi kupelekwa kwa baba mkwe.

Sumaya alikuwa mchoraji wa majengo, na kazi iliyompendeza kuliko zote ilikuwa kupima nyumba kuukuu na kuzichora kabla hazijabomolewa. Kagiri alikuwa fundi wa lifti. Walikutana siku Sumaya alipokwama ndani ya lifti ya ofisi moja mjini, taa zikazima, na sauti ya mwanamume ikaanza kumwongelesha kupitia ufa wa mlango asije akaogopa. Kabla hawajaonana nyuso, Kagiri alikwisha kujua kwamba anaogopa giza, kwamba anapenda madirisha ya zamani, na kwamba hajala tangu asubuhi. Mlango ulipofunguka alimkabidhi nusu ya chapati yake. Mwanamke gani angechomoka hapo?

Tangu siku hiyo walipendana kwa haki. Mambo ya dini waliyaongea wenyewe wakayamaliza. Kilichobaki kilikuwa kimoja tu. Fadlalla, baba yake Sumaya, mwenye duka la vyuma kule Kambi Muru, Kibera, hakuwa mtu mgumu, lakini alikuwa na neno lake: kijana aje na baba yake. Akija peke yake chai atakunywa, mke hatapata.

Na hapo ndipo penye mwiba. Kawangware nzima, mtaani kwake, ilijua kwamba Mzee Mbuthia hakanyagi Kibera. Rafiki yake wa kusoma naye alipozikwa huko, yeye alituma maua. Ndiyo maana Kagiri alibuni mpango wake: Mzee aipende kwanza akili ya msichana, amwone anavyoijua nyumba, halafu baadaye, chai ikishashuka, aambiwe kwao ni wapi. Sumaya hakuupenda mpango huo hata kidogo. Alikubali kwa sababu Kagiri alimwomba kwa yale macho yake.

Kwa upande wa nyumba, mpango ulifaulu kupita kiasi.

Nyumba yenyewe ilisimama katikati ya maghorofa ya kupangisha, nguo za watu zikining'inia juu yake pande zote, nayo imetulia tu. Ilijengwa kwa mtindo wa enzi za Malkia Viktoria, ingawa malkia mwenyewe alikuwa ameshakufa. Habari za mitindo zilisafiri polepole siku hizo. Mzungu mmoja wa reli aliiagiza Uingereza ikaja vipande vipande, kila kipande na namba yake. Kuta zilikuwa za mabati ya mawimbi, na kwa ndani zimevikwa mbao nyembamba zilizoshikana. Paa lilikuwa kali, la kumwaga theluji, jambo ambalo Kawangware haijawahi kulihitaji. Chini ya paa zilipita mbao zilizochongwa nakshi za matundu kama kitambaa cha meza cha mama wa kanisa. Sumaya alisimama mbele ya dirisha la kutokeza, lile lenye pande tatu, akagusa kioo kwa ncha ya kidole.

"Hii vioo ni yale ya kwanza," alisema taratibu. "Ona vile yana mawimbi. Hawa hawajawahi kubadilisha."

Mzee Mbuthia alimtazama mwanawe kwa jicho la kusema, huyu umemtoa wapi. Kagiri akatazama viatu vyake, masikio yamemwiva.

Mzee alikuwa na desturi ya kumzungusha kila mgeni, fimbo mkononi, kwa mpango aliourithi kwa marehemu baba yake, Naftaly. Naftaly alikuwa mtunza nyumba wa yule mzungu, na mzungu alipoondoka nyumba ikabaki kwake. Yeye ndiye aliyeweka sheria: mgeni aonyeshwe nyumba nzima, kuanzia chini hadi chumba cha mwisho, na asiondoke katikati. Aliyeona nusu ya nyumba, alisema, atakwenda kusimulia uongo.

Kwa hiyo walianza chini. Nyumba ilisimama juu ya nguzo za mawe ili mchwa wasipande na hewa ipite, na mtu aliweza kuingia uvunguni akiinama. Sumaya aliingia bila kujali gauni lake. Kila nguzo ilikuwa ya mraba, mawe yake yamechongwa, na juu yake limelala boriti. Ila moja. Kwenye kona ya nyuma ilisimama nguzo ya mviringo, ya mawe meusi yasiyochongwa, imepanda mpaka kwenye sakafu na hapakuwa na boriti yoyote juu yake.

"Baba, hii haibebi kitu," alisema.

Mzee alicheka akasema hiyo ni siri ya memsahibu, mke wa yule mzungu, ataiona kwa wakati wake.

Sebuleni alionyeshwa meko ya ukutani yenye vigae vya kijani, na picha zilizopangwa juu yake. Naftaly na kofia. Mke wake, Cucu Wangoi, yaani Nyanya Wangoi, ambaye ndiye yule aliyekuwa jikoni na sufuria zake. Na msichana mwenye sare ya uuguzi, dada mkubwa wa Kagiri, aitwaye Zena. Kagiri alikuwa amemfundisha Sumaya kwamba kwa Wakikuyu binti wa kwanza huchukua jina la mama wa baba yake, na hapo jambo halikumwingia. Akauliza, si kwa ubishi, kwa nini dada hakuitwa Wangoi.

"Hata mimi nilishangaa," Mzee akajibu. "Maitu alikataa. Alisema jina lake lisipewe huyo mtoto, apewe Zena. Tukasema sawa, kama mwenye jina amekataa, utamlazimisha?" Maitu ni mama kwa Kikikuyu, na hivyo ndivyo alivyomwita Cucu Wangoi maisha yake yote.

Mama Kagiri, Njambi, aliingia na chai. Alikuwa mwanamke mnene, mkarimu, na hakuwa na habari ya mpango wowote. Alimkabidhi mgeni kikombe, akamtandazia kitambaa magotini, akauliza swali ambalo kila mama huuliza.

"Na mami, kwenu ni wapi?"

Kagiri alikohoa. Aliweka kikombe chini, akafungua mdomo kusema jambo lingine kabisa kuhusu mvua. Sumaya alimtazama, na mtazamo huo ulikuwa na mapenzi yote ya duniani, lakini haukuwa na uongo.

"Kwetu ni Kambi Muru, Kibera," alisema. "Mimi ni Sumaya, msichana wa Fadlalla. Sisi ni Wanubi."

Nyumba ilisikika ikipumua kwa mbao zake. Mzee Mbuthia hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. Alikiweka kikombe chake mezani polepole, akakisogeza mbali kidogo.

"Kagiri, ulijua?"

"Nilijua, Baba."

"Na ukamleta. Ukaniacha nimpende."

Kisha akamgeukia Sumaya na kumwambia kwa upole uliochoma kuliko matusi. Hakuwa na ubaya na yeye. Alikuwa msichana mzuri, mwenye kichwa. Lakini baba yake, Naftaly, siku alipokuwa akifa katika nyumba hiyo, alimshika mkono akamwapisha mambo mawili: asikanyage Kibera, na asimpe Mnubi nafasi katika familia hii. Hakumweleza sababu. Na yeye hakuuliza, maana mtu anayekufa haulizwi.

"Siwezi kwenda kwa baba yako," alimaliza. "Sitaenda. Nikivunja hiyo kiapo, mimi ni nani?"

Sumaya aliweka kikombe chake kando ya kile cha Mzee. Alikuwa amejiandaa kwa hasira, kwa maswali ya dini, hata kwa dharau. Hakuwa amejiandaa kwa maiti. Unamjibu nini mtu aliyekwisha kuzikwa? Alisimama, akaomba dakika moja, akatoka barazani, na Kagiri akamfuata mbio.

"Sumaya, please. Mzae atatulia. Nipe muda."

"Ulinileta hapa kama chang'aa ya magendo, Kagiri. Imefunikwa na mboga kwa kikapu."

"Nilitaka akuone wewe kwanza. Si jina, si mtaa. Wewe."

"Ameniona. Sasa?"

Kagiri alisogea karibu. Alimshika vidole, ncha tu, maana mama yake alikuwa akichungulia dirishani, na Sumaya akaviacha vidole vyake hapo kwa sababu hakujua kama atashikwa tena. Alimtazama uso wake mzima, kuanzia lile kovu la nyusi, akijaribu kuuweka kichwani kama anavyoweka nyumba kabla haijabomolewa. Alimpenda. Hilo lilikuwa wazi kama mchana, na halikumsaidia kitu.

"Nitoe tu hadi stage ya matatu," alisema.

Lakini Mzee Mbuthia alikuwa mlangoni na fimbo yake. Uso wake ulikuwa umekunjamana, ila sheria ni sheria.

"Mgeni haondoki katikati," alisema. "Kumebaki chumba kimoja."

Sumaya nusura acheke. Amemkataa, na bado anamzungusha nyumba. Hata hivyo aliingia, maana mkaidi kwa mkaidi wanaelewana. Walipita ukumbi mwembamba hadi chumba cha nyuma, Mzee mbele, yeye nyuma yake, Kagiri na mama yake wakifuata kama wanaokwenda matanga. Kilikuwa chumba kidogo cheupe, chenye kitanda cha chuma na dirisha moja la kupandisha. Mzee alianza kusema kwa sauti ya mtu anayekariri. Hapa ndipo alipozaliwa yeye. Sakafu ya kwanza ililiwa na mchwa, na mzungu alipoondoka, kazi ya kwanza ya baba yake ilikuwa kuing'oa yote na kuweka hii ya mbao za saipresi, kwa mikono yake mwenyewe.

Kisha akagonga kwa fimbo kifuniko cha mbao cha mviringo, sakafuni, kando ya kitanda.

"Na hii ndio siri. Choo ya usiku ya memsahibu. Ile nguzo uliona chini, ndiyo ilikuwa inashika ndoo."

Wageni wengi hucheka hapo. Sumaya alipiga magoti, akashika kifuniko, akakinyanyua.

Ndani, juu ya ile nguzo ya mawe meusi, kilikuwa kimekaa chungu cha udongo, kimejengewa pande zote kwa simenti, na kwenye tumbo lake majivu yalikuwa yameganda yakawa jiwe. Ukingo wa mbao ulikuwa mweusi, laini, umekunywa moshi na mafuta. Aliinamisha uso. Harufu ilikuwa ndogo sana, na labda mtu mwingine asingeisikia. Yeye aliisikia hadi kwenye mifupa, kwa sababu ndiyo harufu ya kila harusi aliyowahi kuhudhuria maishani mwake.

"Hii si choo," alisema.

"Ni choo," alisema Mzee. "Baba yangu aliniambia."

"Si choo, Baba. Hii ni ya bibi harusi."

Hakuwa akimjibu mtu tena; alikuwa akikisemesha kile chungu. Alieleza kwamba kwao, mwanamke anapoolewa, huwekewa shimo kama hili pale anapolala. Chunguni huwekwa makaa, na juu yake vipande vya mti wa mgunga na sandali. Mwanamke hupakwa mafuta, hujifunika blanketi, hukaa juu yake mpaka ngozi ishike moshi. Huitwa dukhan. Hakuna msichana asiyeolewa anayeifanya, na hakuna anayeifanyia nyumba ya watu. Ni ya mke, chumbani kwake, kwa mumewe. Kwa kina Sumaya lipo moja, limechimbwa kwenye sakafu ya udongo. Hapa, nyumba ilikuwa hewani juu ya nguzo, na mtu aliyependa sana alikuwa amejenga ardhi ya kupanda mpaka kwa mke wake.

Njambi alishika mdomo. Kagiri alisema, "Wacha."

"Basi memsahibu alikuwa na yaya wa Kinubi," Mzee alisema haraka. "Hao walikuwa wengi."

"Baba, memsahibu alikuwa ameenda." Sumaya aligusa ukingo mweusi. "Hili shimo limekatwa kwa hii sakafu mpya. Umesema mwenyewe ni baba yako aliweka."

Hakuwa amekusudia kumpiga mtu kwa maneno hayo. Aliona tu yakimpata. Mzee Mbuthia aliitazama sakafu ya baba yake, mbao ambazo amezipiga nta miaka yote. Alikaa kwenye kitanda cha chuma, kitanda kikalia.

"Mwache huyo msichana," sauti ilisema mlangoni. "Amesema ukweli."

Alikuwa Cucu Wangoi, ameshika fremu ya mlango, aproni bado kiunoni. Alikuwa mfupi na mkavu, na alikuwa akilia bila kujifuta.

"Mlango ulipofunguka bila bega niliangusha sufuria," alisema. "Naftaly aliniambia mtu mmoja tu aliweza kufungua huo mlango hivyo, na aliondoka hapa zamani sana."

Akasimulia akiwa amesimama, maana alikataa kiti. Naftaly alimpenda msichana wa Kibera aitwaye Zeinabu, akamwoa bila wazee wa upande wowote. Wakaishi hapa. Alimwekea sakafu, akamjengea ile nguzo, watu wakimcheka kwamba amejenga nguzo isiyobeba kitu. Mtoto akazaliwa. Mtoto akiwa bado ananyonya, Zeinabu akaitwa kwao, baba yake ni mgonjwa, akaenda na nguo moja, akamwacha mtoto kwa Naftaly akidhani atarudi kesho. Kaka zake hawakumwachilia. Naftaly alimfuata na kurudishwa, akamfuata tena na kurudishwa, mpaka wazee wa kwao huku Kawangware wakamwambia basi, wakamletea mke mwingine.

"Huyo mwingine ni mimi," Cucu alisema. "Nilikupata ukiwa hujajua kutembea, Mbuthia. Baba yako akaniambia tukuambie mama yako ni mimi. Akikuapisha usiende Kibera, haikuwa chuki. Aliogopa utamwona."

Mzee aliuliza kwa sauti ya mtoto. "Na Zena?"

"Jina la mama yako. Hiyo peke yake nilikataa kuiba. Msichana wa kwanza ni wa mama ya baba, na mama ya baba si mimi." Alivuta pumzi. "Nilimwona mara moja, soko ya Kawangware. Alisimama mbali akikuangalia. Mimi nikakushika mkono nikaenda haraka. Hiyo nimelala nayo mpaka leo."

Njambi alimwendea mumewe, akamwekea kiganja begani, naye hakuonekana kukihisi. Kagiri alimtazama Sumaya kutoka upande wa pili wa lile shimo. Katika macho yake kulikuwa na mshangao mtupu, na nyuma ya mshangao, kitu kilichoanza kuwaka ambacho alikuwa na aibu kukionyesha mbele ya huzuni ya baba yake.

"Alizikwa wapi?" Mzee aliuliza mwishowe.

Cucu Wangoi alisema hajui kama alizikwa. Kisha akamgeukia Sumaya, na swali lake lilikuwa limemkaa kooni tangu sufuria ianguke.

"Mami, huyo jirani yenu wa mlango. Anaitwa nani?"

Na hapo ndipo Sumaya mwenyewe aliposhtuka, kwa kuwa mpaka wakati huo alikuwa akiyasoma mawe na mbao na hakuwa amefikiria watu. Alimwona yule bibi wa kando ya kwao amekaa mkekani akisuka sinia lake la ukili wa rangi. Ndiye anayewafukiza mabibi harusi wote wa Kambi Muru, na hana mtoto wala hakuwahi kukubali mume, watu wakisema ana maringo. Alimwambia anakwenda Kawangware kuona nyumba ya mabati ya mzungu. Vidole vya bibi vikasimama kwenye ukili. Akauliza kama ina nguzo za mawe. Akamfundisha mlango. Kisha akaingia ndani bila kuaga, na Sumaya akadhani ni uzee.

"Haboba Zeinabu," alisema. "Sisi tunamwita Haboba, ni kama cucu. Ako hai. Jana jioni nimempelekea maziwa."

Mzee Mbuthia alisimama, akakaa, akasimama tena. Alitazama dirisha upande wa Kibera, kama kwamba maghorofa yangempisha aone. Maisha yake yote alikuwa amekaa mwendo wa asubuhi moja tu kwa miguu kutoka kwa mama yake, akazunguka mbali kumkwepa, akidhani ni heshima kwa baba.

"Ana simu?" aliuliza.

Sumaya alipiga, akaweka sauti ya kusikika na wote. Ililia kwa muda mrefu. Halafu ikaja sauti ya kikongwe, nyembamba na safi, ikiuliza kama amefika salama.

"Nimefika, Haboba. Mlango ulifunguka vile ulisema." Akaisogeza simu karibu na Mzee. "Niko na mwenye nyumba hapa. Anaitwa Mbuthia. Anakusikia."

Upande wa pili kuku alisikika, na mtu akiuza sukumawiki huko nje, na pumzi. Sumaya alidhani amekata. Kisha sauti ikarudi, ikichagua njia polepole.

"Mbuthia," ilisema. "Huo mlango, bado mnausukuma na bega?"

Mzee alimtazama Cucu Wangoi, mwanamke pekee ambaye yeye aliwahi kumwita mama. Cucu akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayempa mwenyewe mzigo wake.

"Bado, Maitu," alisema. "Bado tunausukuma."

Na mwanamume huyo, ambaye hata baba yake alipozikwa hakuonekana akilia, akaketi sakafuni kando ya shimo, koti la Jumapili na yote, simu ameishika kwa mikono miwili. Kilichosemwa baada ya hapo kilikuwa chao. Wengine walitoka, Njambi akimshika mkono Cucu Wangoi, na ukumbini, ambapo hapakuwa na dirisha la kuchungulia, Kagiri alimvuta Sumaya kifuani na kumkumbatia mpaka akasikia moyo wake ukigonga.

Mlango wa chumba ulifunguliwa. Mzee alikuwa amefuta uso, amefunga vifungo vyote vya koti, na fimbo ameiacha ndani. Alimwagiza Kagiri alete viatu vyake vyeusi, vile vya harusi, kisha akamgeukia Sumaya. Alimtazama kwa muda, kama anamwona mara ya kwanza.

"Kwenu, mtu akienda kuona mama yake, anabeba nini?"

"Sukari na majani chai, Baba. Na udi kama uko nao."

"Tutanunua njiani. Utanionyesha ni ipi."

Alipopita kwenda mlango wa mbele, aliusimamia kidogo. Hakuuvuta kwa nguvu. Alishika kitasa kwa mikono miwili, akaunyanyua.

Sumaya alibaki nyuma hatua chache, akatoa simu, akamwandikia Fadlalla ujumbe huku machozi yakidondokea kioo: Baba, weka chai. Kagiri anakuja, na baba yake.